Bunduki ya Umau Iuzwe, na Iuzwe Akiwa Hai

Kwetu kuna bunduki. Si mguu wa kuku wa kuchomeka kiunoni kama ile ya wanasiasa wetu. Ni bunduki ndefu ya marisau, ile wengi mnaiita shotigani, na ina leseni halali. Ni ya umau, yaani babu yangu mzaa baba. Inakaa ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa boliti, chumbani kwake, huku Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Mara ya mwisho kulia nilikuwa darasa la tatu. Sasa nina miaka 23.

Tangu Krismasi familia yetu iko na mjadala mmoja usioisha: tuiweke ama tuiuze? Anko wangu mkubwa anasema iwekwe. Susu, bibi yake umau, anasema itoke hata leo. Babangu anasema "tutaona," ambayo kwa Kikamba cha babangu maana yake ni hataki kugombana na mtu. Na umau mwenyewe anakunywa chai tu, anatusikiliza kama mtu anayesikiliza mechi ya timu ambazo hazijui.

Mimi msimamo wangu uko wazi: iuzwe, na iuzwe wakati mwenyewe yuko hai na akili yake iko sawa. Najua kuna wasee wataniita mwoga. Sawa tu. Nisome hadi mwisho halafu uniite.

Ilikuja kufanya kazi gani?

Kwanza tumheshimu mzee. Hakununua bunduki kwa sifa.

Umau alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe. Miaka ya 80 alikuwa ananunua mbuzi Mutomo, Ikutha na Mutha, upande wa kusini wa Kitui, anavuka mto Athi, anakuja kuwauza Kibwezi na Emali. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Simu hakuna. Benki iko mbali. Pesa ya mbuzi mia moja ilikuwa noti, na hizo noti zilikaa kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa tumboni, chini ya shati.

Na hiyo nyika ya katikati haikuwa mahali pa mchezo. Upande huu ni Tsavo, upande ule ni nyika inayoshuka hadi Tana. Majangili walikuwa wanamaliza ndovu kwa bunduki za kivita. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi ili dunia nzima ione Kenya imechoka. Mwezi uliofuata, Agosti 1989, George Adamson, yule mzee Mzungu aliyekuwa akilea simba, akauawa na majambazi wenye silaha kule Kora, eneo linalopakana na Mwingi. Kama mtu mwenye jina dunia nzima aliuawa hivyo, mchuuzi wa mbuzi mwenye noti tumboni alikuwa nani?

Kwa hivyo umau aliomba leseni, akachunguzwa, akapewa. Kwa miaka yote aliyofanya biashara anasema aliifyatua hewani mara mbili njiani, na hajawahi kumwelekezea binadamu. Naamini, kwa sababu ni mtu ambaye hata uongo mdogo wa kukwepa mgeni unamshinda.

Sasa angalia kilichobadilika. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Baada ya miaka michache ule mkoba wa ngozi haukuwa na kitu cha kubeba. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ikawekwa lami. Leo kijana ananunua mbuzi Ikutha, analipa kwa simu, anapakia pikapu, na jioni yuko kwake anatazama mpira. Umau naye aliacha biashara mwaka 2012 magoti yalipomkataa.

Kwa hivyo kabla hujaniambia kuhusu haki ya kujilinda, elewa hili: kazi iliyoileta hiyo bunduki nyumbani iliisha. Haikumalizwa na serikali wala na watu wa amani. Ilimalizwa na simu na lami. Bunduki ya umau ilikosa kazi kabla mimi sijaanza kutafuta yangu.

Leseni ni ya mtu, si ya ukoo

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo anko wangu anakosea.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inasema huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti kina jina la mtu mmoja. Hakisemi "familia ya fulani wa Kibwezi." Shamba unaweza kurithi. Ng'ombe unaweza kurithi. Hata deni la duka unaweza kurithishwa usipochunga. Lakini mwenye cheti akifariki, bunduki yake inafaa kukabidhiwa polisi, na anayetaka kuimiliki aanze ombi lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, kama mtu ambaye hajawahi kuiona.

Sasa fikiria vile matanga yetu huenda. Mzee akienda leo, wiki mbili ni za mazishi. Watu wanalala hadi jikoni. Mtu atasema, "Hiyo ya sefu tuiache kwanza, tukimaliza kuzika tutajadili." Kujadili kutachukua mwaka. Na huo mwaka wote, mwenye kulala kwenye hiyo nyumba ana silaha isiyo na cheti. Hilo ni kosa la jinai, la kifungo cha miaka. Karatasi ya marehemu haimkingi mtu yeyote.

Na leseni yenyewe si kama cheti cha kuzaliwa, eti ukipata umepata. Inafanywa upya kila mwaka. Tena Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza leseni zote za raia zimefutwa na kila mwenye silaha akaguliwe upya ndani ya siku 90. Umau alikuwa ashapita miaka 70. Alivaa suti yake ya kanisa, akatia karatasi zote kwenye bahasha ya kaki, akapanda gari na babangu hadi Nairobi. Alipita vizuri. Aliporudi aliniambia, "Kamwana, wameniuliza siku hizi ninaitumia kufanya nini." Nikamuuliza, "Ukasema?" Akasema, "Nikasema ni ya kulinda boma." Halafu akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Sasa anko ana mpango. Anataka mimi niombe leseni, ili mzee akichoka bunduki iwe kwa jina langu. Sababu yake? "Wewe ndiye uko nyumbani." Na ni kweli. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi Kibwezi, natengeneza video. Kwa anko, kijana anayeshinda nyumbani na simu mkononi ni mlinzi ambaye hajaanza kulipwa.

Sikukataa papo hapo. Niliuliza kinachohitajika. Kuna cheti cha tabia njema kutoka DCI. Kuna mafunzo ya kutumia silaha. Kuna uchunguzi wa afya ya akili. Kuna ukaguzi wa watu wa usalama kabla ombi halijaamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Hayo yote ningejaribu. Kilichonikwamisha ni swali moja rahisi: unaihitaji kwa nini?

Nilichukua daftari, nikaandika sababu zote ambazo familia imewahi kutoa. Zilikuwa tatu: ulinzi, wanyama, urithi. Nikazipima moja moja.

Ulinzi

Hii ndiyo sababu nzito, na sitaichezea.

Kule Kitui mpakani, Mutha, Voo, Endau, Ngomeni, Tseikuru, watu wamezikana kwa sababu ya malisho na maji. Wafugaji wanaingia na ngamia, wenye mashamba wanakataa, na mtu anapigwa risasi akichunga mbuzi wake. Tuna jamaa upande wa Mutha. Kuna misimu wanalala na viatu. Anko akisema "mnataka tubaki mikono mitupu?" anaongea kuhusu watu anaowajua kwa majina.

Lakini bunduki ya umau iko Kibwezi, na leseni hairuhusu kuazimana. Huwezi kumtumia binamu wa Mutha bunduki kama unavyomtumia kredo. Na hata ingekuwa Mutha, mzee wa miaka 81 na bunduki ya mitutu miwili atafanya nini mbele ya kundi lenye AK-47? Kinachohitajika mpakani ni polisi wanaofika kwa wakati, askari wa akiba walio na vifaa, na wazee wa pande zote mbili wakae waongee kuhusu nyasi na maji. Bunduki yetu haiongezi hata kimoja cha hivyo.

Kibwezi nayo, shida yetu ni wezi wa kuku, wezi wa mbuzi na mara mojamoja wezi wa pikipiki. Na hapa kuna kitu watu hawapendi kusikia: kijiji kizima kinajua umau ana bunduki. Mwizi wa kawaida ataogopa, ni kweli. Lakini mwizi asiye wa kawaida anakuja kwa sababu ya hiyo bunduki. Mbuzi wetu hawezi kumletea pesa ya maana. Hiyo ya sefu inaweza.

Halafu kuna ufunguo. Bunduki inafaa kukaa imefungwa, kwa hivyo ulinzi wote unategemea ufunguo mmoja. Umau ameanza kusahau. Hasahau majina yetu, hapana, bado ananidai shilingi mia mbili za 2019. Lakini anasahau ameweka kitu wapi. Aprili susu alipata ufunguo wa sefu ndani ya mfuko wa koti lililokuwa tayari kwenye karai la kufulia. Aliuosha, akaukausha na leso, akaurudisha mezani bila kusema neno. Siku hiyo hakuna mtu alicheka.

Na tusiongee kama hatari yote iko nje ya geti. Kwetu tuko vijana wanne wanaoingia na kutoka. Mmoja wao, binamu yangu, mwaka jana alipoteza pesa za karo kwenye kamari za simu, na kulikuwa na wiki mbili tulikuwa tunampigia simu kila saa kuhakikisha yuko sawa. Sasa yuko sawa. Lakini katika hizo wiki mbili mimi nilikuwa nawaza kuhusu hiyo sefu kuliko nilivyowahi kuwaza kuhusu mwizi.

Wamarekani walichunguza jambo hili zamani, na wao ndio wenye bunduki nyingi zaidi ya watu. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulipata kwamba nyumba yenye bunduki ilihusishwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara tatu ya nyumba isiyo nayo, na mara nyingi muuaji alikuwa mtu wa familia au mtu wanayejuana. Mwaka mmoja nyuma yake, 1992, walikuwa wamepata kwamba hatari ya mtu kujitoa uhai nyumbani ilikuwa karibu mara tano. Ndiyo, hiyo ni Marekani, si Makueni. Small Arms Survey ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, zenye leseni na zisizo nayo, yaani moja na nusu kwa kila watu 100, na Marekani zaidi ya 120 kwa kila watu 100. Hatufanani. Lakini hasira ya usiku na huzuni ya usiku zinafanana kila mahali, na asubuhi hupita. Kitu kinachofanya zisipite ni kile kilicho karibu na mkono.

Wanyama

Sababu ya pili ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo haichezi. Ndovu wa Tsavo akiingia kwenye mahindi yako huku Kibwezi ama Mtito Andei, hujapewa ruhusa ya kummaliza kwa sababu una leseni ya bunduki. Unapiga debe, unawasha moto, unapiga simu KWS, unaomba Mungu. Sheria hiyohiyo ya 2013 inataja fidia ya hadi shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama. Na bunduki ya marisau kwa ndovu ni kumtukana tu. Utamkasirisha, halafu utakimbia kwa magoti ya nani?

Ile mara ya mwisho bunduki ya umau ilipolia, nikiwa darasa la tatu, ilikuwa hewani, kufukuza nyani kwenye mtama. Nyani walitoweka. Kijiji kilishangilia. Baada ya siku mbili nyani walirudi, na risasi haikurudi.

Kuna kitu kingine kinachofanya kazi, na Wakamba tulikuwa nacho kabla ya bunduki: nyuki. Kule Sagalla, Taita Taveta, karibu na Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima walizungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, mnyama wa tani kadhaa, anageuka anatoroka. Si dawa ya kila kitu, wakati wa kiangazi nyuki wenyewe huhama. Lakini mzinga unakupa asali. Bunduki inakupa nini mwisho wa mwezi zaidi ya wasiwasi?

Urithi

Hii ndiyo inaumiza, kwa sababu anko akiishiwa na hoja zote huja hapa. "Hii ni kumbukumbu ya babako. Wewe kijana wa simu huwezi kuelewa."

Naelewa. Baba yake umau alikuwa mwindaji wa uta na mishale ya sumu, huko huko ambako leo ni mbuga. Tsavo ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1948. Miaka ya 1956 na 1957 kukawa na msako mkubwa dhidi ya wawindaji wa mishale, na Wakamba wengi na Waata wengi wakafungwa. Yeye aliweka uta wake chini kabla hawajamfikia. Umau anasema baba yake alikasirika mwaka mzima, halafu akaanza kufuga mbuzi. Hizo mbuzi ndizo zilimfundisha umau biashara. Hiyo biashara ndiyo ilisomesha babangu.

Kwa hivyo familia yetu ishawahi kuweka silaha chini mara moja, tena silaha ambayo ilikuwa ya kwetu kabisa, mikono yetu ilichonga. Hatukuacha kuwa Wakamba. Hadithi za uwindaji bado tunazo, na zimekuwa tamu zaidi kila mtu anapoongeza chumvi. Kama tuliweza kuishi bila uta, nani ataniambia tutapotea bila chuma kilichotengenezewa ng'ambo?

Ukiniuliza urithi wa umau ni nini, ni vile anaweza kumshika mbuzi mgongoni, macho yamefungwa, akakuambia kilo zake. Ni vile anajua mahali pa kuvuka Athi mwezi wa nne na mahali pa kutovuka. Nimemrekodi, nina saa sita za sauti yake kwenye simu na nakala mbili mahali pengine. Na kuna ule mkoba wa ngozi. Hiyo ndiyo kitu nimeomba nipewe, na haihitaji cheti cha mtu.

Sasa wewe unayeniambia nipige picha nayo kabla haijaenda, "kontenti safi hiyo, utavuma": hapana. Picha moja inamwambia kila mtu TikTok ni nyumba gani Kibwezi ina silaha, na mwenye nyumba ni wazee wawili. Cheti ni cha umau, si changu, na upuzi wangu angeujibu yeye. Wafuasi watakuja, watapiga kelele siku tatu, wataenda. Wezi hawana haraka.

Kuuza ama kusalimisha?

Sasa nifike kwa hoja ya susu, ambayo ndiyo imenisumbua kuliko zote za anko.

Susu hataki iuzwe. Anataka ipelekwe polisi iharibiwe. Alisikia kwenye redio miaka ile, Novemba 2016, serikali ilipochoma silaha haramu 5,250 huko Ngong, na hajawahi kusahau. Nilipomwambia ya umau si haramu, ina thamani, tunaweza kupata pesa, alinijibu: "Ukiuza, unampa mtu mwingine usiku wangu wa kukosa usingizi."

Nimejaribu kulijibu hilo neno na sijapata jibu safi. Ninachoweza kusema ni hiki. Tukiuza, tunauza kupitia muuzaji silaha aliyesajiliwa, na atakayeinunua lazima awe amepita ukaguzi uleule na awe na cheti kwa jina lake. Tofauti na sisi, huyo atakuwa na sababu aliyoandika na ikakubaliwa. Na umau aliinunua kwa jasho. Ana mtoto wa jicho kwa macho yote mawili, na upasuaji unasubiri pesa. Siwezi kumwambia mzee atupe mali yake halali ili dhamira yangu ilale vizuri, halafu yeye abaki kupapasa ukuta.

Ndiyo maana nasema iuzwe. Lakini umau akiamua kumsikiliza susu, sitapinga hata kidogo. Kati ya kuuza na kusalimisha, achague yeye. Kuiacha hapo ikingojea matanga ndiko sitakubali.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu hunong'onezana, wacha niiseme ili niizike. Mwezi uliopita mtu wa sokoni alikuja na pesa mkononi, zaidi ya tunayotarajia kupata kwa muuzaji. Alisema leseni ataitafuta baadaye, sisi ni watu tunaojuana. Umau alimtazama hivi, akamwambia, "Pesa zako ni nyingi kwa sababu karatasi zako ni chache." Akamwonyesha geti. Huyo ndiye mzee ambaye anko anasema bila bunduki atakuwa hana heshima.

Tarehe iko

Mjadala wetu sasa una mwisho, hata kama hakuna aliyeuwekea sahihi. Cheti cha umau kinaisha Machi. Baada ya hapo ama kifanywe upya, na tuzunguke mwaka mwingine, ama bunduki iwe imetoka. Kuuza kunahitaji cheti kikiwa hai na mwenyewe akiwa na uwezo wa kwenda, kusimama na kutia sahihi. Mwaka huu anaweza. Mwaka ujao sijui mimi, na yeye hajui.

Wiki iliyopita umau alimwambia babangu amtafutie ile bahasha ya kaki. Hakusema ya nini. Anko hakupenda. Susu alipika muthokoi, siku ya kawaida tu, bila mgeni.

Kama kwenu pia iko, na najua wengine mnaniandikia inbox kwamba iko, ya baba aliyekuwa askari, ya mjomba mwenye ranchi, msingoje mazishi ndiyo muongee. Uliza maswali matatu mwenyewe akiwa hapo mezani. Kazi iliyoileta bado ipo? Ufunguo uko na nani, na huyo nani yuko sawa kichwani leo? Na mwenye jina kwenye cheti akienda, ni nani kwenu ataamka akiwa mhalifu kwa sababu tu alilala nyumbani?

Ukiwa na majibu mazuri kwa yote matatu, weka bunduki yenu, sina neno. Sisi tulikosa hata moja.